Kifuniko Kimoja cha Ziada kwa Ajili ya Mlima

Vijana wa gereji, mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nimestaafu juzi tu, mikono bado inanuka petroli hata nikishika ugali, kwa hiyo sijasahau chochote. Anayetaka habari za vyeo akaulize kwingine, sikuwahi kuwa navyo. Habari za mshahara nitazungumza na Mungu. Mimi nitawaandikia juu ya skuta, zile kuukuu ambazo oili yake huchanganywa na petroli ndani ya tangi moja, kwa sababu zimebaki chache huku kwetu na hizo chache mnazimaliza ninyi wenyewe. Naandika nikiwa na hasira. Mke wangu amenishauri nisubiri itulie, nikamwambia nimeisubiri tangu ujana.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Nyeri mjini, katika gereji iliyojibana nyuma ya soko, mahali ambapo jua la Julai halifiki na vidole hukataa kushika boliti. Mwenye gereji hakuniuliza jina. Alinionyesha ndoo ya dizeli, brashi na lundo la vyuma, akasema, "Osha." Nikaosha hadi jioni. Nilipomaliza nikamuuliza vile vyuma ni vya nini.

"Injini ya mtu. Ilikuwa imepungua nguvu."

"Na iko na shida gani?"

"Tutajua tukisharudisha."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Baada ya wiki chache nikaelewa kwamba alikuwa amenieleza kwa ufupi namna kazi ile ilivyofanywa. Mtu analeta skuta, anasema haivuti, na kabla hajamaliza sentensi injini imeshapasuliwa kama kuku wa Krismasi. Kinabadilishwa kile kilichopo kwenye rafu. Ikiwa kuna ringi, inawekwa ringi. Ikiwa kuna pistoni, inawekwa pistoni. Kisha inafungwa kwa boliti za skuta nyingine na kukabidhiwa mwenyewe. Mara moja moja nguvu zilirudi, na bahati hiyo ikaitwa ufundi.

Hapo ndipo nilipokutana pia na kifuniko cha mlima. Ninyi mnakijua, lakini nieleze kwa ajili ya atakayesoma haya akiwa mgeni. Skuta hizi zina kipimo chake cha oili kwa kila lita ya petroli, na waliozitengeneza wamekiandika wazi. Watu wetu hufuata kipimo hicho vizuri kabisa, halafu wakishamaliza huchukua kifuniko cha chupa ya oili, hukijaza, na kumimina tena. Hicho ni cha mlima. Ati skuta inapanda, na anayepanda anafanya kazi ngumu, na afanyaye kazi ngumu lazima aongezewe chakula. Kuanzia Kiriaini mpaka Timau hakuna mtu niliyemkuta akiuliza kama habari hiyo ni kweli. Wauza petroli huuliza kama anayekuongezea sukari kwenye chai: "Nikuwekee ya mlima?" Na walimu, wazee wa kanisa, hata watu waliosomea sayansi, huitikia, "Weka."

Aliyenifumbua macho ni Mzee Mutwiri wa Timau. Nilipelekwa huko kufuata vipuri nikakaa miaka. Mzee Mutwiri alikuwa akitunza skuta za wasimamizi wa mashamba ya ngano, juu kule ambako upepo unatoka mlimani moja kwa moja na kukuingia kwenye mikono ya koti. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo hakuyapoteza kwa salamu. Mteja akifika akisema haivuti, Mzee hakushika spana. Alimuuliza ilianza kuchoka wapi, kwenye mteremko au kwenye mwinuko, ikiwa baridi au ikishapata moto. Kisha aliipanda mwenyewe, akazunguka nayo, akarudi, akaitoa plagi na kuitazama rangi. Mwishoni aliiwasha tena akaweka kiganja nyuma ya eksozi na kusimama hapo, kichwa upande, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Anza na mlango wa nyuma," aliniambia. "Mtu akishindwa kupumua, unampasua tumbo? Kwanza angalia kama ameshikwa pua."

Nilimuuliza juu ya kifuniko cha mlima. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona akipandisha sauti.

"Huku juu hewa ni kidogo! Injini inatafuta hewa, nyinyi mnaongeza oili. Oili haichomeki yote, inabaki masizi. Hiyo ni kumfunika mtu blanketi kwa uso ati kwa sababu anasikia baridi!"

Ndivyo ilivyo, vijana. Oili inayozidi huigandia njia ya moshi. Huigandia kidogo kidogo, kama masizi ya jikoni kwenye dari, mpaka injini inavuta hewa safi lakini haina pa kuutolea moshi wa zamani. Hapo inapungua nguvu. Mwenyewe akiona imepungua nguvu, anafanya nini? Anaongeza kifuniko. Nimeona skuta ikiuawa kwa dawa hiyo huku mwenyewe akishangaa kwa nini mgonjwa haponi.

Mzee Mutwiri alinifundisha pia kwamba njia ya moshi haikwanguliwi kwa bisibisi. Chuma kikikwaruza silinda, umeleta ugonjwa mwingine. Yeye alichonga kijiti cha mzeituni wa porini, kigumu kama mfupa. Niliporudi kwetu Gakindu na kufungua banda langu la mabati, nilichonga changu kwa mti wa kahawa, maana huo hatuukosi, na msimu wa kupogoa ukifika unaokota bure. Wateja walikicheka. Walitaka kuona fundi mwenye mashine ya kunguruma. Mimi nilikuwa na kijiti.

Sasa niwaeleze kisa cha Daktari, kwa sababu ndicho kinachonichoma zaidi ya vyote, na kwa sababu baadhi ya waliohusika bado wanafungua injini za watu hadi leo.

Daktari Muriuki hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mpandishaji wa ng'ombe. Alizunguka vijiji vya Mukurweini na skuta yake ya kijani, mtungi wa mbegu baridi umefungwa nyuma ya kiti kwa mpira, akiwapandisha ng'ombe wa watu wasio na dume. Kazi hiyo ina saa yake. Ng'ombe akianza kulia asubuhi kwa kutaka dume, unampandisha jioni ya siku hiyo. Ukichelewa, joto limeshapita, na unangoja wiki tatu mpaka alie tena. Ng'ombe hasubiri kabureta isafishwe.

Skuta yake ilianza kuchoka. Kwanza iliomba gia ya pili mahali ilipokuwa ikipanda kwa ya tatu. Halafu ikaomba ya kwanza. Halafu Daktari akawa anaisukuma kwa miguu, mtu mzima mwenye koti la mvua na mtungi, huku akina mama waliokuwa wakichuma kahawa wakimpa pole kutoka juu. Kila mtu alimwambia neno moja, na alilisikia. Akaongeza kifuniko. Kisha akaongeza viwili.

Aliyeumia kuliko wote ni Mama Wanjugu. Huyu ni mjane anayekaa ng'ambo ya mto, juu kabisa ya mgongo wa kilima, na mali yake ya kutegemea ilikuwa ng'ombe mmoja aitwaye Sofia. Sofia alikuwa amekauka maziwa na hakuwa na mimba. Mara mbili alilia, mara mbili Mama Wanjugu akapiga simu, na mara mbili skuta ikafia kwenye kilima, Daktari akafika kwa miguu wakati ng'ombe ameshatulia na anatafuna zake majani. Ng'ombe asiye na maziwa wala mimba anakula tu. Mchinjaji mmoja wa Kiriaini alikuja, akamzunguka Sofia polepole, akampima kwa macho, akasema angerudi.

Daktari akapeleka skuta kwa fundi. Sitamtaja. Fundi huyo alipasua injini, akapeleka silinda ikapanuliwe mjini, akaweka pistoni mpya na ringi mpya. Skuta ilirudi ikang'aa, na kilima kikaishinda vilevile. Fundi wa pili alisafisha kabureta mpaka ikakaribia kuwa sahani ya harusi, akabadilisha plagi, akamshauri Daktari asisahau ya mlima.

Wa tatu ndiye aliyekaribia ukweli, na ndiyo maana namkasirikia zaidi. Aliweka mkono nyuma ya eksozi, akahisi moshi unatoka kwa shida, akasema, "Hii imekabwa." Alisema kweli! Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha. Lakini badala ya kuuliza imekabwa wapi na kwa nini, aliing'oa eksozi yote akaichomelea bomba la moja kwa moja. Mnadhani eksozi ya skuta ni kopo la kupunguza kelele. Tumbo lile limepimwa. Linarudisha nyuma hewa mpya iliyotaka kutoroka, na ukilitupa, injini inapiga kelele kama posho mili ya kusagia mahindi na haivuti hata mzigo wa paka.

Mara ya tatu Sofia alipolia, Daktari alifika mapema, maana aliondoka mapema mno na kusukuma nusu ya njia. Akaingia na skuta hadi karibu na zizi. Sofia hakuwa amewahi kusikia kishindo cha namna ile. Alikata kamba, akapita katikati ya majani ya napia ya jirani, na Daktari akabaki amesimama na mbegu iliyokwisha kuyeyuka mkononi, ambayo hairudishwi mtungini. Walipomkamata giza lilikuwa limeingia, na ng'ombe akitetemeka hivyo hapandishwi na mtu mwenye akili.

Wiki ya tatu baada ya hapo ilipokaribia, waliingia bandani kwangu pamoja, Daktari akiisukuma skuta na Mama Wanjugu akimfuata na kikapu cha ndizi kutoka sokoni.

"Wewe ndio fundi?" Mama Wanjugu aliniuliza. "Mimi sijui pikipiki. Najua ng'ombe. Sofia italia kesho ama kesho kutwa. Hii kitu ikikataa tena, Sofia inaenda bucha. Kijana wa bucha amesema atakuja na kamba."

Nilimgeukia Daktari. "Umeenda kwa mafundi wangapi kabla ya kuja hapa?"

"Watatu."

"Na banda langu huwa unapita mbele yake kila siku!"

"Wewe unakuwanga mkali, Fundi," alisema akitazama viatu vyake. "Mtu akikuja anagombezwa kwanza."

"Sasa leo hutagombezwa?"

"Leo nimekuja na mama."

Mama Wanjugu hakucheka. Aliweka kikapu chini, akakaa juu ya tairi, akasema angetaka kuona mwenyewe kinachofanywa, kwa sababu wale wengine walikuwa wanamwambia Daktari mambo na Daktari anamwambia yeye mengine.

Basi nilifanya kama Mzee Mutwiri. Niliuliza. Skuta ilivuta vizuri kwenye mteremko? Ndiyo. Ilipokuwa baridi ilikuwa na uhai kidogo? Ndiyo, halafu inalegea. Nilipiga kiki kwa mkono, taratibu, nikaona injini inakaza vizuri: pistoni mpya haikuwa na kosa, ila haikuwa na kazi pia. Plagi ilitoka nyeusi, imelowa, inateleza. Nikachovya unyasi kwenye tangi nikausugua kwa vidole.

"Umeweka vifuniko vingapi?"

"Viwili tu."

"Viwili tu!"

"Si nilikuambia?" Daktari alimwambia Mama Wanjugu. "Ameanza."

Nikafikiri kwa sauti ili mama asikie. Bomba lile la moja kwa moja lilikuwa wazi, unaona mwanga upande wa pili. Hata hivyo skuta bado haikupumua. Basi kilichoikaba hakikuwa kwenye bomba, kilikuwa ndani zaidi, pale moshi unapotokea kwenye silinda. Nikalitoa bomba nikamulika kwa tochi.

Tundu lile huwa pana, unaingiza vidole viwili. Lilikuwa limebaki nafasi ya penseli. Masizi yalikuwa yamejenga ukuta pande zote, meusi, magumu, yanang'aa kama lami. Nilimwita Mama Wanjugu aje kuona. Akainama, akatazama kwa muda, akasema, "Kama chungu cha githeri kilichoungua."

Vijana, hapo ndipo nilipotupa tochi. Silinda ile ilikuwa imevuliwa! Ilikuwa imeshikwa mkononi na fundi, ikapandishwa gari hadi mjini, ikapanuliwa kwa mashine, ikarudi, ikavishwa pistoni mpya. Mtu aliigeuza na kuigeuza, na hakuna jicho hata moja lililochungulia tundu lililo ubavuni mwake. Walipanua chumba na kuacha mlango umezibwa. Nilipiga kelele mpaka muuza mboga wa jirani akaja kuuliza ni nani ameibiwa. Nilimjibu kwamba ni mama huyu, ameibiwa miezi. Sikuwa natia chumvi na hadi leo sirudi nyuma.

"Eksozi ya kwanza iko wapi?" nikamuuliza Daktari.

"Iko nyumbani. Kuku zinalalia."

Ikaletwa, na manyoya yake. Niliwasha moto wa matawi ya kahawa nyuma ya banda, nikailaza katikati. Ilitoa moshi mweusi wenye harufu mbaya mpaka muuza mboga akarudi, safari hii kwa ajili yake mwenyewe. Mnapochoma eksozi msiitoe moshi ukiwa bado mweusi. Ngojeni moshi ukome wenyewe, muiache ipoe bila maji, ndipo muipigepige kwa mti. Yaliyomwagika kutoka kwenye ile yangejaza karai. Mama Wanjugu aliyatazama, akamtazama Daktari, Daktari akatazama mlima.

Silinda niliianza asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nimeivua, iko mezani, nakwangua kwa kijiti changu cha kahawa, simu ya Daktari ikalia. Alisikiliza, akaishusha.

"Imeanza kulia," alisema.

"Vizuri. Tuna mpaka jioni."

"Na ule kijana wa bucha yuko njiani. Mama alimwambia leo ni leo."

Nikainamia silinda. Kazi ya kijiti haikubali haraka. Ukilazimisha, kinavunjikia ndani, na vipande vya masizi vikibaki vitakwaruza pistoni mpya siku hiyohiyo. Daktari alizunguka banda, akakaa, akasimama, akaniuliza kama bisibisi isingekuwa ya haraka zaidi. Nilimwambia akitaka haraka aende akamwambie Sofia alie polepole. Nikaendelea mpaka tundu likarudi kuwa la vidole viwili na kuta zake zikawa nyeupe. Nikafunga silinda kwa gasketi mpya, na eksozi ya kwanza nikairudisha mahali pake. Kwenye kabureta nikaweka jeti, kile kitundu cha kupimia petroli, ndogo kidogo kwa sababu ya hewa yetu hii nyepesi. Nikamwaga mafuta yote ya kwenye tangi na kuchanganya mapya kwa mkono wangu, kwa kipimo cha kitabu, kisha chupa ya oili nikaifunga na kuikalia.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nilipopiga kiki. Iliwaka mara moja. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kukoroma, kama mtu aliyelala vizuri. Daktari akataka kufunga mtungi nyuma ya kiti.

"Weka chini, katikati ya miguu," nikasema. "Nyuma nakaa mimi."

"Fundi, hii mlima imeshinda hii skuta nikiwa peke yangu!"

"Ndiyo maana nakuja."

Mzee Mutwiri alikuwa na sheria moja ambayo hakuna fundi wa leo anayeifuata. Skuta hairudishwi kwa mwenyewe mpaka ipande kilima kilekile kilichoishinda, ikiwa na mzigo. Kuzunguka nayo sokoni kwenye tambarare, ukiivumisha mbele ya wasichana, si kupima.

Tukavuka daraja. Nilikuwa nimeshika koti la Daktari na nilikuwa naogopa, sitaficha. Nilikuwa nimegombeza watu kwa siku mbili, na kama ingekufa pale katikati, wale watatu wangecheka mpaka uzeeni, na Sofia angekwenda kwa kamba. Kilima kilianza. Daktari akashusha hadi gia ya pili. Nikamsikia akijiandaa kwa ya kwanza, mkono umekaza kwenye klachi.

"Usiguse," nikamwambia sikioni.

Hakugusa. Tulipita mahali alipozoea kuanza kusukuma. Tulipita mti mkubwa wa kahawa ulioinamia njia, ambapo, aliniambia baadaye, ndipo alipozoea kukaa na kupumzika. Watu wazima wawili na mtungi, kwa gia ya pili, na skuta haikulalamika. Wale akina mama wa kwenye kahawa walisimama wima, mmoja akapiga vigelegele. Daktari alikuwa akisema kitu, nikadhani anasali, kumbe anaihesabia skuta zile kona zilizobaki.

Tuliingia uani kwa Mama Wanjugu bila mtu kutusikia. Kijana wa bucha alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu na lango, kamba begani, anatazama simu. Alishtuka mpaka akaidondosha. Mama Wanjugu alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mmeingilia wapi?"

"Kwa mlango, mama," nikasema.

Sofia aliinua kichwa, akatutazama, akarudia majani yake. Daktari alinawa, akafanya kazi yake, na ng'ombe akasimama kimya kama aliyepangwa. Yote yalikwisha kabla chai haijachemka. Kijana wa bucha akakunja kamba yake vizuri, akasema, "Basi nitakuja tena baada ya wiki tatu, tuone kama itakuwa imeshika mimba." Mama Wanjugu akamwambia akija aache kamba nyumbani.

Wiki tatu hizo sikuwa na raha. Mke wangu alisema hata yeye hakuwahi kungojewa hivyo alipokuwa na mimba. Siku ilipofika nilikuwa bandani, nashika kitu hiki na kukiacha. Simu ikaita. Alikuwa Mama Wanjugu.

"Fundi, leo ndio siku yake ya kulia."

"Na?"

"Imenyamaza. Imekula, imelala, imenyamaza tu. Kijana wa bucha amekuja, amekaa hapa tangu asubuhi akisikiliza. Sasa ameenda."

Nilifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kuwasha injini. Kisha nikasikia simu inabadilisha mikono, na sauti ya Daktari, tamu, ya mtu aliyeazimia kuomba.

"Fundi, pole kwa kusumbua. Sasa vile mvua imeanza, na hii mlima imekuwa matope... si naweza ongeza kifuniko kamoja tu? Kamoja."

Niliyomwambia hayaandikiki na mtu anayekaa kiti cha mbele kanisani. Muuza mboga alikuja mara ya tatu.

Sofia alizaa ndama jike. Mama Wanjugu alimwita Fundi, kwa maelezo kwamba huyo naye humkaribii bila kupigwa teke. Nililalamika na sikusikilizwa. Fundi sasa ni ng'ombe mzima anayekamuliwa, na wiki iliyopita mliponifanyia karamu ya kuniaga pale bandani, maziwa ya chai yote yalitoka kwake. Mlitoa hotuba. Mlisema nilikuwa mwalimu mvumilivu, na nikaona mnapotazamana.

Mlijiuliza kwa nini niliondoka katikati ya hotuba. Nilikuwa nimeona skuta ya kijani imeegeshwa nje. Sikuwa nimeisikia ikifika, na hiyo tayari ilikuwa dalili njema, lakini mimi na Daktari tunajuana. Alinijia na mkono umenyooshwa na tabasamu la sherehe. Nilimpita. Nikafungua tangi, nikachuma unyasi kando ya ukuta, nikauchovya ndani, nikausugua kwa vidole huku yeye amesimama nyuma yangu, mkono bado hewani, hapumui.

Oili ilikuwa ya kipimo. Nikafunga tangi, nikajifuta, ndipo nikamsalimia.